Mbwa Wazururao na Wajibu wa Wenyewe

Maongezi yetu ya leo ni juu ya mbwa wakali waachwao kuzurura ovyo vijijini. Mbwa wa namna hii twamjua sote: mchana hulala chini ya mwembe, jioni huwafukuza watoto watokao shuleni, na usiku hujiunga na wenziwe kuvamia zizi la mbuzi. Asubuhi mwenye mbuzi akija kudai haki yake, kila mtu husema, "Huyo si mbwa wangu."

Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Wengi wa hao tuwaitao mbwa koko wana wenyewe. Ila wenyewe huwajua wakati wa kulinda nyumba, na huwakana wakati wa kulipa.

Hasara ya mbuzi si ndogo, lakini iko iliyo kubwa zaidi, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na humwingia mtu kwa jeraha la meno, au hata kwa mkwaruzo uliopata mate. Mbwa aliyeshikwa nao hubadilika tabia: mpole huwa mkali, sauti huharibika, taya hulegea, mate humtoka, naye huuma kila kitu. Mtu aliyeumwa aweza kukaa miezi 2 au 3 bila kuona neno. Lakini akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hapana aponaye.

Kwa hiyo dawa ni kuwahi. Mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla, naye mtoto akaokoka. Tangu hapo njia imejulikana. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15. Lisitiwe majivu wala majani. Kisha aende hospitali siku ile ile, akachomwe sindano zote kwa siku atakazopangiwa. Asidharau kwa kuwa jeraha ni dogo. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Ng'ombe au mbuzi akiumwa, atengwe, na Bwana Mifugo aarifiwe upesi. Mnyama akionekana kuugua, maziwa yake yasinywewe wala nyama yake isiliwe.

Watoto nao wafundishwe. Ukikutana na mbwa mkali, usikimbie, usipige kelele, wala usimkazie macho. Simama kimya, weka mfuko au fimbo kati yako naye, kisha rudi nyuma polepole. Mbwa alaye au anyonyeshaye usimguse.

Wako wasemao, "Tuwaue mbwa wote, yaishe." Mbwa mwenye kichaa hana budi kuuawa kwa mikono ya wajuao kazi hiyo. Lakini kuua ovyo hakukomeshi ugonjwa, kwa maana nafasi ya waliouawa hujazwa na watoto wa mbwa na wageni kutoka kijiji cha pili, ambao hawakuchanjwa. Kikomeshacho ni chanjo: wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba ulikomeshwa kwa chanjo mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016. Watu wakarudia kuchanja mbwa wao, ukakomeshwa tena mwaka 2018. Kazi hii, basi, yawezekana, ila haitaki kuachwa.

Ndugu wasikilizaji, mwenye mbwa na amlishe, amfunge mchana, na ampeleke kuchanjwa kila wakati wa chanjo, pamoja na watoto wake wote. Mizoga na mabaki ya machinjo yafukiwe, yasiwakusanye mbwa. Mbuzi walazwe katika zizi imara. Na mbwa akileta hasara, mwenyewe asingoje kutafutwa, asimame barazani aseme, "Huyu ni wangu, nami nitalipa." Kijiji chenye watu wa namna hiyo watoto wake watakwenda shuleni na kurudi kwa salama.