MWALIMU MBELE YA MEZA YA INTAVYU

(Hotuba iliyotolewa kwa walimu wanaotafuta kazi, Mji wa Kale, Mombasa)



Katibu wa tawi ameniomba niseme juu ya makosa ambayo walimu wetu huyafanya waitwapo kuulizwa maswali ya kazi. Najua wengi mmekuja mkitaka kufundishwa namna ya kujibu. Nitafika huko, lakini kwanza yafaa mjue ya kwamba wengi niliowaona wakirudi mikono mitupu hawakukosa kazi kwa ulimi. Waliikosa kwa karatasi.

Kabla ya mwaka 1967 mwalimu huyu aliajiriwa na misheni, yule na baraza la wilaya, na kila mwajiri alikuwa na desturi zake. Chama cha KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 ikatungwa sheria iliyoleta Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Tangu hapo mwalimu wa Kibokoni na mwalimu wa Kitale hupimwa kwa kipimo kimoja. Hilo ni jambo jema, tulilipigania. Lakini kipimo hicho hakimjui babako wala mtaa wako. Kinasoma vyeti tu.

Na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, kitambulisho Muhammad, cheti cha mtihani Mohammed, na chuo kikaongeza jina la babu. Huyu ni Fatma nyumbani na Fatuma shuleni. Mwingine ameolewa akachukua jina la mume kwenye kitambulisho, vyeti vikabaki na jina la baba. Sisi twajua kuwa ni mtu mmoja. Karani aliye mezani hajui, wala si wajibu wake kubahatisha. Dawa yake ni kwenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, ukala kiapo ya kwamba majina hayo yote ni yako. Ikiwa umebadili jina kabisa, basi kuna hati yake ya kubadili jina, nayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mambo haya yafanywe sasa, maana tangazo la kazi likitoka siku ni chache mno, na foleni ya wenye shida hiyo hiyo ni ndefu.

Pamoja na hayo, hakikisha umesajiliwa na Tume. Sheria ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha bila ya kusajiliwa, hata katika shule ya mtu binafsi. Siku yenyewe beba vyeti asilia pamoja na nakala. Mavazi sina la kusema, nyote ni watu wazima. Anayetoka Likoni aikumbuke feri.

Sasa maswali. Pata mwongozo wa Tume wa tangazo lile uliloombea, uusome. Utaona alama zinagawanywa baina ya vyeti, miaka uliyokaa tangu kuhitimu, na mazungumzo. Vyeti na miaka huwezi kuvibadili ukiwa umeketi kitini, lakini maneno ni yako.

Sisi tumelelewa kuwa kijana hajisifu mbele ya wakubwa. Ni adabu nzuri, sitaki mtu aiache. Lakini mwalimu akiulizwa, "Kwa nini tukuchukue wewe?" akainamisha macho na kusema, "Ni nyinyi tu wazee wangu," wale wazee hawana cha kuandika. Kueleza kazi uliyoifanya si kujisifu. Sema ulifundisha darasa gani, wanafunzi wangapi, walikuwa na shida gani nawe ulifanya nini. Na ukiulizwa utafundishaje akisami, usiwasomee maneno ya chuoni juu ya mbinu shirikishi. Sema: nitaleta mkate wa sinia mmoja, nitaukata vipande vinane mbele ya watoto, nitampa mmoja vipande viwili, kisha nitawauliza amepata sehemu gani ya mkate. Hapo wanaokuuliza watamwona mwalimu. Usilolijua, sema hulijui, na useme utalitafuta wapi.

Katika shule za binafsi kosa ni jingine. Mwalimu anafurahi kuitwa, anakubali kila kitu, anatoka bila ya kujua mshahara. Kuuliza mshahara si utovu wa adabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, basi uombe, uusome nyumbani kabla ya kutia sahihi. Sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mtu wakati wa kuajiri kwa sababu ya dini, kabila, jinsia au mimba. Dada akiulizwa kama ana mpango wa kuzaa mwaka huu, ajibu kwa upole kuwa yuko tayari kueleza juu ya kazi yake. Kisha aandike siku, saa, na maneno yaliyosemwa, atuletee.

La mwisho ni chungu. Yuko mtu atakupigia simu akisema anamjua mkubwa fulani, na kwa kiasi fulani cha fedha jina lako litapita. Tume haitozi ada kwa kuajiri. Nimeona dhahabu ya mama ikiuzwa kwa ajili ya simu kama hiyo, na simu ikazimwa jioni ile ile. Anayepigiwa asilipe, aihifadhi namba, aje nayo hapa.

Jumamosi baada ya saa nne asubuhi ofisi ya tawi itakuwa wazi. Njooni na vyeti vyote, hata vile mnavyodhani havina kasoro, tuvisome jina kwa jina. Nakala zenu pigisheni mapema, mashine yetu imeharibika tena.