Sigara: Mwili Unapoacha Kukataa

(Mhadhara uliotolewa msikitini, Kidahwe, Kigoma, baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu Wata'ala, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.



Hatukusimama leo kubainisha kama sigara ni haramu au ni makruhu. Mjadala huo una umri wa miaka 400 na zaidi. Tumbaku ilitoka Amerika ikafika katika miji ya Waislamu karibu na mwaka 1000 Hijria, na wanazuoni walitofautiana juu yake tangu siku za mwanzo. Huko Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliandika kuiharamisha, na Sheikh Ali al-Ujhuri, wa madhehebu hayo hayo ya Imam Malik, akaandika kuihalalisha. Wazee hawa tusiwadharau. Waliulizwa juu ya jani jipya, wala hawakuwa na hesabu za vifo tulizonazo sisi. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku. Wanazuoni wengi wa zama zetu, akiwemo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliyefariki mwaka 1999, wamehukumu kuwa ni haramu, wakirejea katazo la mtu kujitia mwenyewe katika maangamizi (Al-Baqara: 195) na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Sisi tuko upande huo, na mmetusikia tukiusema mara nyingi.

Lakini tumesema, na moshi bado unafuka nje ya ukuta wa msikiti baada ya kila swala. Wanaovuta hukumu wanaijua. Wengine wameihifadhi pamoja na dalili zake kuliko sisi. Basi leo tuache kuuliza kwa nini hawaachi, tuulize kwanza walifikaje hapo.

Allah anapotutahadharisha na Shetani hatuambii tu kwamba ni adui. Anatukataza kufuata hatua zake, khutuwaat, kwa wingi (Al-Baqara: 168 na 208, An-Nur: 21). Mtu hachukuliwi kwa mruko mmoja. Anasogezwa unyayo baada ya unyayo, na kila unyayo una sura ya jambo dogo.

Unyayo wa kwanza, ndugu zetu, mara nyingi tunaupanga sisi wazazi ndani ya nyumba zetu. Baba ameketi barazani, kiberiti hana, anamwita mtoto: "Hebu niwashie sigara hapo jikoni." Mtoto wa miaka 8 anakwenda kwenye kaa la moto. Sigara haishiki moto bila ya kuvutwa, kwa hiyo anavuta. Baba hakukusudia ubaya, lakini ndiye aliyemtuma mwanawe kuvuta sigara ya kwanza.

Na tazameni mwili unavyojibu. Mtoto anakohoa, anasikia kizunguzungu, jasho jembamba linamtoka, kichefuchefu kinamshika, pengine anatapika. Dalili hizi ndizo zinazowapata wakulima wa tumbaku wanapovuna majani mabichi yenye umande: sumu hupenya kwenye ngozi na mtu akaugua kwa kizunguzungu na kutapika bila ya kuvuta chochote. Sumu hiyo ni nikotini. Mmea umeumbwa nayo dhidi ya wadudu wanaoutafuna. Basi anayetapika sigara yake ya kwanza si dhaifu. Mwili aliopewa na Mola wake umetoa ushahidi wa kweli.

Vijana wanaujua ushahidi huu, ila wameupa tafsiri nyingine. Akikohoa wanamcheka, akitapika wanasema bado mtoto. Siku akivuta mpaka mwisho bila ya kupepesa jicho, wanampongeza kuwa amekua. Hapa ndipo ulipo udanganyifu wote, na ndilo jambo tulilokuja kulisema: kuacha kutapika si nguvu. Ni mwili kuacha kukataa.

Tueleze kwa ufupi. Ndani ya ubongo kuna milango midogo inayofunguliwa na funguo ambazo mwili unajitengenezea. Wataalamu huiita vipokezi. Nikotini inafanana na ufunguo mmojawapo. Mtu akivuta, inafika kwenye ubongo kwa muda wa kiasi cha sekunde 10 hadi 20, yaani kabla mwenye kusoma kwa taratibu hajamaliza Suratul Faatiha. Inafungua milango na kuachia dopamini, kitu kinachoufundisha ubongo kwamba jambo hili ni jema, lirudie. Milango ikifunguliwa mno huchoka, ikawa haijibu kama mwanzo. Mwili nao hujibu kwa kuongeza idadi ya milango. Kwa hiyo kilichomtosha jana leo hakimtoshi, na milango mipya inapokosa ufunguo inalalamika. Malalamiko hayo ndiyo vijana wetu wanayoyaita arosto.

Sisi walimu wa madrasa tunajua nguvu ya kukariri. Mwanafunzi akirudia aya mara 20 inakaa kifuani. Sigara moja huvutwa kwa mikupuo kama 10. Mwenye kuvuta sigara 20 kwa siku anaufundisha ubongo wake somo hilo hilo mara 200, kila siku, mwaka mzima. Ni hifdhi gani iliyopata muraja'a wa namna hiyo?

Tuje sasa ziwani. Vijana wetu wengi wakikosa kazi hapa Kidahwe huteremka Kibirizi, Katonga au Ujiji kuvua dagaa. Kazi hiyo ni ya usiku, kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika. Tunamjua kijana mmoja, hatumtaji jina, aliyesoma kwetu juzuu kadhaa kabla ya kwenda huko. Usiku wa kwanza alipewa sigara ili asisinzie, na baridi ya ziwa anayeijua anaijua. Giza la kwanza alivuta chache, za kupewa. Mbalamwezi ikaja, akarudi nyumbani, akakaa siku zake wala hakuikumbuka. Akasema moyoni: mimi naimiliki.

Miezi michache ikapita. Alipokuwa nyumbani katika mbalamwezi alijiona hana subira na wadogo zake, usingizi unakatika, chakula hakina ladha. Alidhani ni uchovu. Kisha akaanza kununua moja moja dukani, pale jioni tu, "ya kutuliza kichwa". Hakujua kuwa kichwa kile kilichafuliwa na sigara ya jana, na ya leo inamrejesha tu pale alipokuwa kabla ya kuzijua sigara. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, alirudi Kidahwe bila ya kipato. Fedha ilikatika, ziwa lilikatika, baridi ya usiku ilikatika. Sigara haikukatika. Alitwambia mwenyewe kwamba siku hizo ndipo alipotambua kuwa hakuwa anavuta kwa sababu ya ziwa.

Msidhani kwamba mpaka mtu afike kwenye pakiti nzima ndipo afungwe. Mwaka 2000 daktari Joseph DiFranza na wenzake wa Massachusetts, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miaka 12 na 13. Walikuta kuwa baadhi yao walionesha dalili za kufungwa ndani ya wiki chache tangu waanze, wakati bado wanavuta mara moja moja na hawajafikia kuvuta kila siku. Kamba hufungwa kabla ya mtu kuihisi shingoni. Na hili si la sigara peke yake. Wazee wetu wa ugoro, mtuwie radhi, nikotini ni ile ile.

Wala si sisi tu tuliochelewa kulielewa jambo hili. Ripoti mashuhuri ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 1964 iliita hali hii mazoea. Ilichukua mpaka mwaka 1988 ofisi hiyo hiyo kutamka kwamba ni uraibu, wa jinsi moja na heroini na kokeini. Na bado mwezi Aprili 1994 wakuu 7 wa makampuni ya sigara walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo, kisha wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba wao hawaamini kuwa nikotini inaleta uraibu. Kiapo cha namna hiyo Waislamu wanakijua jina lake.

Sasa tuseme juu ya Ramadhani, maana hapa ndipo tunapolaumiana. Tumezoea kumwambia mvutaji: ukiweza kujizuia kutwa nzima kwa ajili ya Allah, unashindwa nini usiku? Maneno haya tumeyasema sisi wenyewe mbele ya watu, na mwenye kuyasikia aliinamisha kichwa, na Ijumaa iliyofuata hatukumuona. Tulikosea. Hatukukosea katika hukumu, tulikosea katika kujua maradhi. Nikotini hupungua nusu kwa kila saa 2 hivi. Anayevuta kabla ya adhana ya Alfajiri anafika Magharibi akiwa karibu hana kitu ndani ya damu, na milango yote imepumzika. Ndiyo maana sigara ya futari inampiga kuliko zote, mpaka wengine huitanguliza mbele ya tende. Na arosto haifikii kilele chake ndani ya siku moja. Hufikia siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka kwa muda wa wiki kama 2 hadi 4. Mvutaji wa Ramadhani anapanda mlima ule kutwa, na kila Magharibi anateremka mpaka chini, kesho anaanza upya. Amepanda mara 30 na hajavuka hata mara moja.

Sharia yetu ina siku zinazovusha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akikaa itikafu siku 10 za mwisho za Ramadhani. Mwenye itikafu hatoki msikitini ila kwa haja, na hatukumpata faqihi aliyeihesabu sigara kuwa ni haja. Siku 10 mfululizo, usiku na mchana, zinapita kilele chote cha arosto, na mtu yuko mbali na duka, mbali na wenzake wa kijiweni, karibu na Mus-haf.

Kwa hiyo tumezungumza na wazee wa msikiti. Ramadhani ijayo, inshaallah, upande wa kushoto nyuma utatengwa kwa ndugu wanaotaka kuacha. Tunajua watakuwa wakali siku 3 za mwanzo, watakosa usingizi, watakohoa wakati wa swala. Atakayekunja uso kwa ajili ya kikohozi hicho ahamie safu ya mbele. Mwenye maradhi ya moyo au kifua apite kwanza zahanati. Wenye maduka waliomo humu tunawaomba wasiuze moja moja, na wasimuuzie mtoto aliyetumwa, maana hata sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na atakayeshindwa siku ya 2 akatoka, akarejea na harufu, asifukuzwe. Apige mswaki, aoge, arudi mahali pake, tuanze kumhesabia siku ya kwanza.

Majina yaandikishwe kwa muadhini baada ya Isha. Wabillahi tawfiiq.