Ramani Kwanza, Kompyuta Baadaye

Wananchi wa Kaunti ya Nakuru,

Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Nakuru ilirithi kazi za mabaraza ya zamani, yakiwemo ya Nakuru, Naivasha na Molo. Leo ina kaunti ndogo 11 na wadi 55. Idara za afya, ardhi na biashara zikinunua mifumo ya kompyuta kila moja kivyake, mwenye duka kule Kuresoi ndiye huumia: analipia leseni ofisi moja, kisha anabeba risiti hadi ofisi nyingine.

Dawa yake ni kuchora ramani ya mifumo yote kabla ya kununua. Mwongozo wa kimataifa wa TOGAF, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, huanza na huduma yenyewe, kisha kumbukumbu zinazohitajika, kisha programu. Mitambo hufuata baada ya hayo.

Kwa hivyo, katika vikao vya umma vya bajeti, ulizeni: mfumo huu mpya utasomana na ule uliopo? Habari zetu zitalindwa vipi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka? Fedha ni zenu.