MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: HALI YA MFANYAKAZI WA KIWANDA, MFANO WA MOSHI



Inapozungumzwa hali ya mfanyakazi wa kiwanda, wengi huanza na mshahara na huishia hapo hapo. Kiwanda cha sukari cha TPC, kilichopo Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi, chaonesha kuwa suala hili ni pana zaidi. Kampuni hiyo ilianzishwa na Wadenmark katika miaka ya 1930, baadaye ikawa mali ya Serikali, na mwaka 2000 ikabinafsishwa, Serikali ikibaki na hisa asilimia 25.

Muwa ukishakatwa haungoji. Sukari yake hupungua kadiri unavyokaa. Ndiyo maana katika msimu wa kusaga kiwanda huendeshwa usiku na mchana, na watu huingia kwa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku, baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa angalau asilimia 5. Kiwango hicho ni kidogo mno kwa mtu anayelazimika kulala mchana katika joto la tambarare ile, juu yake bati na nje watoto wanacheza.

Makaazi, basi, ni sehemu ya kazi. Katika shamba la TPC zimo nyumba za wafanyakazi, hospitali na skuli, na hiyo ni neema isiyopatikana viwanda vingi. Hata hivyo, popote pale, nyumba inayotolewa kwa sababu ya kazi huondoka pamoja na kazi. Mwenye kihamba huko Kibosho au Uru, miteremkoni mwa Kilimanjaro, ana migomba na mibuni ya kurudia. Akipewa kazi ya hatari bila ya glavu wala miwani, anaweza kukataa. Aliyetoka mkoa wa mbali hana pa kwenda, naye hukubali. Watu wawili husimama mbele ya mtambo mmoja kwa ujira mmoja, na hali zao si moja.

Mfanyakazi wa msimu naye, kwa sheria hiyo hiyo, anastahiki likizo ya malipo. Wasiojua hawadai.

Hapa Zanzibar zinatumika Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8, zote za mwaka 2005. Nasi tunacho kiwanda cha sukari Mahonda. Mkaguzi wa kazi afikapo kiwandani, pamoja na kupitia orodha ya mishahara, yafaa aulize wafanyakazi wanalala wapi, na msimu ukifungwa wanakula nini.