Nyavu na Siku ya Mapumziko



Usharika ulio kando ya maji hauwezi kutimiza miaka mia bila kuulizwa swali ambalo usharika wa wakulima huulizwa kwa upole zaidi. Shamba humngoja mwenyewe hadi Jumatatu. Samaki hangoji. Je, mvuvi Mkristo atupe nyavu siku ya Bwana? Wengi hudhani kwamba swali hili lililetwa na wamisionari. La hasha, ni la kale kuliko Kanisa lenyewe, nalo limejibiwa kwa namna nyingi.

Nehemia aliporudi Yerusalemu mara ya pili, katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliwakuta watu wa Tiro wakiuza samaki mjini siku ya Sabato. Habari hiyo imo katika sura ya 13 ya kitabu chake. Watiro hawakuwa Wayahudi, na Sabato haikuwa sheria yao. Kwao siku hiyo ilikuwa ya soko kama nyingine. Nehemia hakuanza na wachuuzi. Alianza na wakuu wa Yuda, akawakemea wao, kwa kuwa pasipo mnunuzi Mtiro asingelipeleka samaki wake mbali hivyo. Kisha akaagiza malango yafungwe tangu giza lilipoanza kuingia siku ya Ijumaa. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakatishwa, wakaacha kuja. Msomaji wa Biblia aliyezoea kuwaona wavuvi wakilaumiwa katika jambo hili na aitazame vema sura hiyo. Aliyelaumiwa kwanza ni mwenye fedha.

Baadaye swali likageuka, likawa la mitego. Mafundisho ya marabi yaliyokusanywa katika Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, yanataja kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato, na kukamata mnyama ni mojawapo. Lakini itakuwaje kwa wavu uliotegwa Ijumaa mchana, ukaachwa majini, ukakamata wenyewe usiku wa Sabato huku mwenyewe amelala? Shule ya Shamai ilisema wavu usitegwe isipokuwa samaki atanaswa kabla ya jua kuzama. Shule ya Hileli iliruhusu.

Majirani Waislamu nao wanaijua habari inayokaribiana na hiyo. Katika Kurani, sura ya Al-Aaraf, aya ya 163, umetajwa mji uliokuwa kando ya bahari, ambao samaki wake walijitokeza juu ya maji siku ya Sabato, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wengi husema mji huo ni Ayla, karibu na Akaba ya leo, na kwamba watu wake walitega Ijumaa wakachukua samaki Jumapili, wakijiona hawakuvunja neno. Hapo tendo halikuitwa ruhusa, bali hila, na adhabu yake ilikuwa kali. Hivyo wavu wa Ijumaa ulipata hukumu mbili. Ajabu ya habari hiyo ni samaki kuja siku ile ile iliyokatazwa. Kila mvuvi aliyewahi kukaa pwani akitazama maji yakichemka kwa samaki anaielewa bila kufasiriwa.

Ikumbukwe kwamba katika Uislamu wenyewe Ijumaa si sabato. Kurani, katika sura ya Al-Jumua, huagiza biashara iachwe unapoitwa mwito wa sala, na sala ikiisha watu watawanyike kutafuta riziki. Ndiyo maana wavuvi wengi wa Pwani huacha vyombo ufukweni asubuhi ya Ijumaa, na jioni huweza kwenda.

Kanisa la Magharibi lilikutana na samaki wasiongoja huko Norwe, karne nyingi kabla nchi hiyo haijawa ya Kilutheri. Papa Alexander wa Tatu, aliyeshika kiti kati ya mwaka 1159 na 1181, alimwandikia Askofu Mkuu wa Nidaros, mji uitwao leo Trondheim, kuhusu samaki aina ya heringi. Samaki hao husogea karibu na nchi kavu kwa makundi makubwa, kisha huondoka. Papa aliruhusu wavuliwe hata Jumapili, kwa sharti kwamba ni wakati wa uhitaji, wala si katika sikukuu kuu za mwaka. Akaongeza neno ambalo watetezi wa ruhusa hiyo hulisahau upesi: baada ya kuvua, makanisa ya jirani na maskini wa Kristo wapewe sehemu inayostahili. Aliyevua kwa sababu ya njaa asishibe peke yake.

Martin Luther hakuongeza katazo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akifafanua Amri ya Tatu, alifundisha kwamba hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake, na kwamba Jumapili hushikwa ili pasiwe na machafuko. Kifungu cha 28 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 husema vivyo hivyo. Hata hivyo Luther alitoa sababu mbili za kushika siku. Ya pili ndiyo kubwa: watu wapate nafasi ya kulisikia Neno na kusali. Ya kwanza ni ya mwili: watumishi wa kiume na wa kike, waliotumika juma zima, wapate kupumua. Hapo anaifuata Torati, kwa maana Kumbukumbu la Torati sura ya 5 huagiza siku hiyo ili mtumwa apumzike kama bwana wake.

Sasa, mapumziko ya baharini yana shida moja ambayo mahubiri pekee hayajawahi kuitatua. Jirani asiyepumzika hulichukua soko. Mwezi Mei mwaka 1896, bandari ya Newlyn katika Cornwall, Uingereza, iliona jambo hilo waziwazi. Wavuvi wenyeji, wengi wao Wamethodisti, hawakuvua Jumapili. Wageni kutoka Lowestoft, upande wa mashariki, walivua. Samaki wa Jumapili wakafika soko la Jumatatu peke yao na kupata bei nzuri. Wenyeji walipoleta wao Jumanne, soko limekwisha kushiba. Wenyeji wakaparamia vyombo vya wageni, wakamwaga vibua baharini. Husemwa walifika laki moja. Serikali ilipeleka askari wapatao 300. Miaka 13 kabla yake, tarehe 3 Juni 1883, watu wa Strome Ferry huko Uskochi walikwisha kuishika gati na stesheni ya reli ili samaki wasipakiwe Jumapili kwenda masoko ya kusini. Kumi kati yao walifungwa gerezani. Yasomwe kwa uangalifu matukio hayo. Waliofanya vurugu walikuwa watu wa ibada, na kisa chao kilikuwa na haki ndani yake. Ila kuitetea siku ya amani kwa marungu ni jambo ambalo hata watetezi wao hawakuweza kulieleza vizuri.

Nchini Ghana siku yenyewe ni nyingine. Wavuvi wa mitumbwi wa Kiga na wengi wa Kifante hawaendi baharini Jumanne. Kwa mapokeo, Jumanne ni siku ya bahari na ya mungu wake, na mkuu wa wavuvi huwatoza faini wanaoivunja. Siku hiyo nyavu hushonwa na ugomvi wa pwani huamuliwa. Wakristo ni wengi miongoni mwao, wala hawamwabudu mungu wa bahari, lakini Jumanne wanaishika, kwa kuwa imekuwa siku ya wote. Mchungaji awezaye kuihubiri Jumapili bila kuidharau Jumanne hiyo amejifunza kitu. Wanaosumbua ni wenye meli kubwa za kukokota nyavu mbali na ufuko, zisizofungwa na mapokeo yoyote. Mtumbwi unapumzika, meli inavua, na samaki ni wale wale.

Katika mialo ya Ziwa Viktoria mwezi ndio ulioanza kuwapumzisha wavuvi wa dagaa. Taa hazifai kitu usiku wa mbalamwezi, hivyo mitumbwi hukaa nchi kavu hadi giza lirudi. Pumziko hilo halimpi mtu hasara kuliko mwenzake, kwa kuwa mwezi humwangazia kila mmoja. Jumapili si hivyo. Mtumbwi ulioingia ziwani Jumamosi jioni hurudi alfajiri ya Jumapili, na dagaa wasipoanikwa mapema huoza. Mama anayewatandaza juani wakati kengele ya kwanza inalia hana anasa ya kuchagua. Mzigo amekwisha kuununua, pengine kwa mkopo. Kumnyima Meza ya Bwana mwanamke huyo ni kumwadhibu kwa uamuzi uliofanywa na mwingine.

Na huyo mwingine mara nyingi hayumo mtumbwini. Ni tajiri, mwenye mtumbwi, injini, taa na wavu. Vibarua wake huvua kwa mgawo. Akikataa mmoja, mwenzake hushika nafasi yake kabla ya magharibi. Tajiri huyo aweza kuonekana kanisani asubuhi, amevaa vizuri, tena ametoa sadaka nono, huku vijana wake wamelala usingizi wa uchovu mwaloni. Baraza la wazee likitaka kuzungumza juu ya Amri ya Tatu na lizungumze naye kwanza, kama Nehemia na wakuu wa Yuda, tena akutanishwe na matajiri wenziwe wa mwalo mzima, walio Wakristo na wasio Wakristo, ili mitumbwi yao ibaki nchi kavu kwa pamoja. Mazungumzo hayo hayawezi kufanyika Jumapili asubuhi, kwa kuwa saa hiyo mambo yamekwisha. Wakati wake ni Jumamosi alasiri, taa zikiwa bado hazijapakiwa.