Msaada wa Maafa Si Hisani ya Wakubwa



Mvua hatuna mamlaka nayo. Mfereji ulioziba una mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiliwa na tuta la reli huko Kijabe yalilibomoa tuta hilo, yakaishukia Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40, wengi wakiwa wamelala. Wizara ya Maji yenyewe ilieleza kwamba njia ya maji chini ya reli ilikuwa imeziba. Je, hayo nayo tuyaite mapenzi ya Mungu?

Tumezoea kuwaona wakubwa wakifika baada ya msiba na magunia ya unga, wapiga picha wakiwatangulia, na mfiwa akitakiwa kushukuru. Sisi twasema: hilo ni deni, wala si zawadi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 26, yalinda uhai. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya chakula, maji safi na makao. Kifungu cha 208 kimeunda Hazina ya Dharura kwa mahitaji yasiyotazamiwa. Fedha hizo ni jasho la mlipa kodi.

Wala tusikubali kurushwa huku na huku kama mpira. Jedwali la Nne limeukabidhi wajibu wa kukabiliana na maafa kwa Serikali ya Kitaifa na kwa serikali za kaunti pia. Wawili waliokabidhiwa mzigo mmoja hawana ruhusa ya kuuacha njiani kila mmoja akimnyoshea mwenzake kidole.

Makanisa yafungulie waliohamishwa milango, maana huo ni utu. Lakini wema wetu usiwe pazia la kuficha uzembe wa serikali. Tunapogawa blanketi, tuulize pia: onyo lilitolewa lini, na kwa lugha gani? Fedha za dharura zimetumiwaje? Waliohamishwa watalala wapi mwezi ujao? Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari hizo. Kifungu cha 22 chatufungulia mlango wa mahakama.

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Basi tusingoje masika mengine. Twendeni tukaulize sasa, mifereji ingali mikavu.