Barua ya wakili kuhusu taarifa zilizoibwa: tusome haki zetu kabla ya kusaini

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Haya ni maneno yaliyotolewa na ofisi ya katibu kwenye mkutano wa tawi Jumapili iliyopita. Tumeyaweka kwa maandishi kwa sababu wengi walikuwa zamu, na baadhi ya waliojiunga kwa simu mtandao uliwakatikia. Tunaomba yasomwe hadi mwisho kabla ya maswali kuanza.

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wanachama.

Wiki hizi baadhi yetu tumepokea barua kutoka ofisi moja ya mawakili hapa Uingereza, ambayo imeshughulikia viza, maombi ya hifadhi na talaka za watu wetu kwa miaka mingi. Barua inasema kulitokea "tukio la kiusalama". Kwa Kiswahili cha kawaida, wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za wakili na huenda wameondoka na mafaili. Ofisi hiyo hatutaitaja, maana uchunguzi haujaisha na sisi si mahakama.

Faili la wakili si sawa na namba ya simu iliyovuja dukani. Ndani yake mna pasipoti, taarifa za benki za miezi 6, cheti cha ndoa, barua ya daktari. Kwa walioomba hifadhi mna maelezo yao yote, pamoja na majina ya kaka, dada na marafiki waliobaki nyumbani. Kwa hiyo wanaosema "mimi sina pesa, wataniibia nini" tunawaomba wafikiri tena.

Jambo hili si geni. Ofisi ya Tuckers, inayojulikana kwa kesi za jinai, ilishambuliwa mwaka 2020. Mafaili zaidi ya 970,000 yalifungwa na wadukuzi, na mafungu 60 ya nyaraka za mahakama yakawekwa kwenye masoko ya siri ya intaneti. Machi 2022 ilitozwa faini ya pauni 98,000. Aprili 2025 ikatangazwa faini ya pauni 60,000 kwa ofisi nyingine, DPP Law, iliyopata habari kwamba taarifa za wateja wake ziko mtandaoni baada ya kuambiwa na kikosi cha taifa cha kupambana na uhalifu, kisha ikachukua siku 43 kumwarifu mdhibiti. Sheria inataka saa 72.

Faini hizo hazikuwa fidia ya wateja. Tunalisisitiza hili kwa sababu Jumapili wengi walidhani kwamba ukishalalamika serikalini, hundi inakuja. Haiji.

Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, ile inayoandikwa ICO, hupokea malalamiko bure. Inaweza kuchunguza, kuamuru na kutoza faini, lakini haina uwezo wa kukulipa. SRA, mamlaka inayosimamia mawakili wa Uingereza na Wales, inaweza kumwadhibu wakili aliyeshindwa kutunza siri za wateja. Nayo hailipi fidia kwa jambo kama hili. Anayeweza kuamuru ulipwe bila kwenda mahakamani ni Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya mawakili. Lakini lazima kwanza umlalamikie wakili mwenyewe, vema kwa maandishi, na umpe wiki 8 za kujibu. Akishakupa jibu la mwisho, unayo miezi 6 ya kwenda kwa msuluhishi, na kwa kawaida jambo lenyewe lisiwe limepitisha mwaka 1 tangu litokee au tangu ulipolijua. Msuluhishi huyu ni wa wateja. Ndugu aliyetajwa tu kwenye faili lako hatasikilizwa huko.

Hata hivyo ndugu huyo naye ana haki. Sheria ya taarifa ya Uingereza inamlinda mtu yeyote ambaye taarifa zake zinatunzwa na ofisi iliyopo hapa, hata kama yeye yuko Mwanza na hajawahi kupanda ndege. Anaweza kuuliza, anaweza kulalamika kwa Kamishna, na akithibitisha madhara anaweza kudai. Tunaomba kila aliyeandika majina ya watu kwenye maelezo yake ya hifadhi awapigie simu wiki hii. Wao hawajaandikiwa barua na mtu, na pengine ndio walio hatarini kuliko sisi.

Sasa hatua ya kwanza, ambayo haina gharama. Mwandikie wakili barua pepe ukitaka kujua taarifa zako zipi zilichukuliwa, lini, na upewe nakala ya taarifa zako alizo nazo. Anapaswa kujibu ndani ya mwezi 1. Anaweza kuongeza miezi 2 kama ombi ni zito, lakini lazima akueleze. Mteja akiambiwa "hiyo ni siri ya wakili na mteja", ajue kwamba siri hiyo ni ya mteja, hivyo asikubali jibu hilo kirahisi. Ndugu aliyetajwa tu anaweza kunyimwa sehemu, na huko ni kunyimwa kwa mujibu wa sheria.

Bila jibu la barua hiyo hujui unadai nini. Anayedai kwa kuwa jina na anwani yake vimeonekana hayuko sawa na anayedai kwa kuwa ripoti ya daktari wake iko mtandaoni.

Fidia yenyewe hutolewa na mahakama, au kwa makubaliano. Sheria inaruhusu kudai hasara ya fedha na pia maumivu ya moyo: hofu, kukosa usingizi, fedheha. Lakini uthibitishe. Agosti 2025 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya askari polisi wa Sussex, walio kazini na wastaafu, ambao taarifa zao za pensheni zilitumwa kwenye anwani zisizo zao. Mahakama ilisema sheria haiweki kiwango cha chini cha uzito wa madhara, ila hofu unayodai iwe na msingi, isiwe ya kubuni. Kwa hiyo andikeni. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, simu ya kitapeli iliyoingia, siku uliyokwenda kwa daktari, nauli, zamu uliyokosa na malipo yake. Ofisi ya katibu imezoea vitabu vya hesabu, na tunawaambia kwamba matumizi yasiyo na risiti ni hadithi.

Jumapili iliulizwa kwa nini tawi lisifungue kesi moja kwa niaba ya wote. Swali zuri. Novemba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa kesi ya namna hiyo dhidi ya Google, iliyofunguliwa na mtu mmoja kwa niaba ya watumiaji wa iPhone zaidi ya milioni 4. Sababu yake kubwa ni kwamba kila mtu lazima aonyeshe madhara yake mwenyewe. Watu wanaweza kuungana na kutumia wakili mmoja, lakini kila mmoja kwa jina lake na ushahidi wake. Tawi halidai badala ya mtu.

Tuje kwa hawa wanaopiga simu. Wameshaanza. Wanasema "usiposhinda hulipi", saini hapa kwenye simu. Si wote ni matapeli, wapo mawakili halali wanaofanya kazi kwa mtindo huo. Lakini tupige hesabu. Mkataba wa kugawana fidia katika kesi kama hizi unaweza kisheria kufika asilimia 50. Ukipewa pauni 1,000, wao wanachukua mpaka 500, na mara nyingine kuna bima ya kesi inayokatwa pembeni. Kesi ya madai madogo, yaani yasiyozidi pauni 10,000, unaweza kuifungua mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Kwa dai la kati ya pauni 500 na 1,000, ada ya kufungua tuliyoikuta ni pauni 70, na kuna nyingine ya kusikilizwa. Ukishinda, ada hizo hudaiwa kwa aliyeshindwa. Gharama za wakili, kwa kawaida, hazirudishwi katika ngazi hiyo, na ndiyo maana wakili wa simu atakata kwenye fidia yako.

Tunaona wakili anafaa pale madhara ni makubwa: umeibiwa fedha, umeugua, au maisha ya mtu yako hatarini. Hapo mtafute mwenyewe, usimsubiri akupigie. Kwa mengine, anza peke yako.

Na ofisi iliyodukuliwa ikikupa huduma ya bure ya kufuatilia mikopo kwa mwaka 1, ipokee. Kuipokea tu hakukuondolei haki ya kudai. Kinachokuondolea ni kusaini karatasi inayosema umelipwa na huna dai lingine. Hiyo ilete kwanza tuisome pamoja.

Muda: Uingereza na Wales dai la namna hii lina miaka 6. Wenzetu wa Glasgow na Edinburgh wahesabu 5, na kwao wasimamizi wa mawakili ni wengine, tutawaelekeza mmoja mmoja. Dai la haki za binadamu dhidi ya ofisi ya serikali ni mwaka 1 tu.

Wenye maombi ya viza yanayoendelea msimfukuze wakili kwa hasira kabla hamjapata mwingine. Tarehe za Home Office hazisimami kwa sababu kompyuta za wakili zimeibiwa.

Na kwa walio na kesi za viwanja nyumbani: Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Jumamosi hii saa 8 mchana ofisi ya katibu itakuwa wazi na kompyuta mbili kwa ajili ya kuandika barua za maombi. Njoo na barua uliyopokea na kitambulisho. Picha za barua hizo msizitume kwenye kundi hili; tayari tumezifuta tatu, na moja ilikuwa na namba ya pasipoti.

*Katibu wa Tawi*
kwa niaba ya Kamati ya Tawi